Mtumbwi wa Afaata katika Kijiji Kisicho na Mto

Kasindo alikuwa mume halali wa Afaata mpaka serikali ilipokuja kumwoa mkewe.

Haikumwoa kwa ubaya, tuseme ukweli. Kwetu Wasaramaka mwanamume huhesabiwa mume kwa mambo matatu: amjengee mke nyumba katika kijiji cha mama yake huyo mke, amfyekee msitu apate shamba, na amchongee mtumbwi. Mengine yote, vitambaa vya mjini, vitana vya kuchonga, maneno ya kumtoa nyoka pangoni, ni chumvi tu ya kwenye mboga. Sasa serikali, ambayo tangu enzi za mababu zetu waliotoroka utumwani haikuwahi kutukumbuka hata kwa kidonge cha homa, ghafla ilishikwa na mapenzi makali. Ilitaka kuukinga mto wetu kwa ukuta ipate umeme wa kuyeyushia alumini, na ili tusife maji ikaamua kutuhamisha. Katika kiangazi kimoja ikamjengea nyumba kila mwanamke wa kijiji chetu cha Langaston, vikongwe na wajane wakiwemo, na ikampimia kila mmoja shamba. Mume mwenye pupa namna hiyo alikuwa hajaonekana mto mzima.

Kabla ya mapenzi hayo Kasindo alikuwa mtu mwenye jina lake. Alizaliwa mbali juu ya mto, katika kijiji cha mama yake ambako maji ya bwawa hayakufika kamwe, lakini maisha yake yalikuwa safarini: kupandisha chumvi, mafuta ya taa na vitambaa vya wafanyabiashara wa pwani, kisha kuteremsha magogo. Hapo Langaston palikuwa na maporomoko ambayo makarani wa mjini waliyapita wamefumba macho, wengine wakiwaita mama zao. Kasindo aliyapita amesimama omoni, mbele kabisa ya mtumbwi, pondo ndefu ya kusukumia mkononi, kiko mdomoni, kofia imeinamishwa upande. Mawe ya pale aliyajua kwa majina na kwa tabia, na alikuwa na maringo ya mtu anayejua kwamba anatazamwa.

"Mnaangalia maji au mnaniangalia mimi?" aliwapigia kelele siku moja wanawake waliokuwa wakisugua sufuria kando ya mto.

"Tunaangalia chumvi yetu isilowe," Afaata alimjibu bila kuinua kichwa. "Wewe ukilowa utakauka."

Jibu hilo lilimwingia. Safari iliyofuata alikwenda kwa mjomba wake Afaata, Kabiteni Adjo, aliyekuwa mkuu wa kijiji, akiwa na chupa ya pombe kali ya miwa ya kuwamwagia mababu, akaomba mke. Akajenga nyumba ya makuti yenye mlango wa kuchonga uliokuwa gumzo la vijiji vya jirani. Akafyeka shamba mlimani. Akachonga mtumbwi mwembamba, mwepesi, ambao Afaata aliuendesha peke yake kwenda shambani na kurudi, mihogo imejaa katikati. Hata Mma Bobi, mama mkwe wake, hakupata pa kumshikia.

Siku Bwana Fendel wa serikali alipokuja kutangaza habari za ukuta, alikuja na boti ya injini, mwavuli, na picha ya nyumba zilizopangwa mstari. Alisema maji yatapanda mpaka yapite paa la kanisa. Watu wakamgeukia Kasindo, maana kama kulikuwa na mtu anayeujua mto, ni yeye. Kasindo akacheka mpaka kiko kikamdondoka.

"Bwana mkubwa, mto huu mimi ndiye ninayeulaza na kuuamsha," alisema. "Ukitaka kupanda hata kufika kwenye goti la jiwe lile, utaniarifu kwanza. Jamani, msing'oe mihogo yenu kwa porojo za mjini!"

Watu hawakung'oa. Mma Bobi hakutoa hata karanga zake ghalani. Na mto haukumwarifu Kasindo. Mafuriko ya kwetu hupiga kelele, hubeba magogo, humpa mtu nafasi ya kukimbia. Haya yalikuja kimyakimya yakitambaa. Walitangulia sisimizi na nyoka kuingia majumbani kutafuta pakavu, kisha yakafuata maji yenyewe. Maboti ya serikali yalipokuja kuwachukua watu, karanga za Mma Bobi zilikuwa zinaelea uani. Afaata alitaka kuchukua mtumbwi wake. Bwana Fendel akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba huko waendako kuna bomba, sasa mtumbwi wa nini? Ukaachwa umefungwa kwenye mti wake, na ziwa likaumeza pamoja na huo mti.

Kijiji kipya kiliitwa Langaston Mpya. Kilikuwa kando ya barabara, na ziwa lilikuwa nyuma ya msitu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Nyumba za mbao na mabati zilibanana kiasi kwamba mtu akipiga chafya majirani wa pande zote walimwombea afya. Palikuwa na kanisa, shule na kituo cha polisi. Kibanda cha wanawake walio katika siku zao, ambacho kila kijiji chetu hukijenga kabla ya kitu kingine chochote, kilikuwa kimesahauliwa. Kwa hiyo siku hizo wanawake walibaki nyumba moja na wanaume, jambo ambalo kwetu ni mwiko, dawa za kinga za wanaume wote zikaharibika, na tangu hapo kila homa na kila ugomvi ulikuwa na maelezo. Mashamba yalikuwa changarawe nyekundu. Muhogo uliopandwa humo ulitoa mizizi ambayo Mma Bobi alimpelekea Bwana Fendel amwambie kama ni ya kula au ya kufungia mzigo. Bomba lilitoa maji pampu ilipojisikia. Juu ya mabati, kwenye minara ya chuma, zilipita nyaya nene zikiupeleka umeme kiwandani. Langaston Mpya ilibaki na vibatari vyake, ila kuzitazama nyaya kuliruhusiwa, na hakuna aliyetozwa kitu.

"Mume wangu siku hizi ni serikali," wanawake walitaniana bombani. "Kanijengea, kanipimia shamba, wala haniulizi chakula kiko wapi."

"Na usiku je?"

"Usiku anavuma juu ya bati, humsikii?"

Wanaume nao walicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe.

Kasindo angeweza kurudi kwao juu ya mto, ambako maporomoko yalikuwa bado yanaunguruma na chumvi bado ilihitaji mtu wa kuipitisha. Hakurudi. Alimpenda Afaata, basi, na Afaata hakutaka kumwacha mama yake peke yake kwenye changarawe. Akabaki kutafuta kazi, mtu wa mto katika kijiji cha barabara.

Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kuokoa wanyama. Wazungu wenye huruma kubwa walikuja kutoka nchi za mbali waliposikia kwamba maji yanapanda na viumbe vinazama. Si sisi. Sisi tulikuwa tumeshaokolewa. Walikuja kwa ajili ya kima, kobe, nungu, na yule mnyama mvivu anayening'inia tawini mwaka mzima asijue kama ni Jumatatu au Krismasi. Kasindo aliwaendeshea boti katikati ya vilele vya miti wakiwanasa wanyama kwa vitanzi. Kila mmoja alipimwa uzito, akaangaliwa meno, akadungwa sindano, akapewa kivuli.

"Wanampeleka kwenye msitu unaofanana na wa kwao," Kasindo alimsimulia mkewe. "Wanasema akiachwa mahali pageni hatakula, atakonda afe."

"Uliwaambia wakupime na wewe?"

"Niliwaambia. Wakanipa sigara."

Wanyama walipokwisha, kazi nayo ikaisha. Kasindo alichimba mitaro ya barabara kwa muda, mitaro ikaisha. Akabaki na kofia yake na kiko chake, akipita mstari wa kwanza wa nyumba na kurudi kwa mstari wa pili, na kila aliyemsalimu alijibiwa vilevile: "Mambo safi! Maji haya nitayazoea, mto ni mto tu." Habari za mihogo iliyozama kwa ushauri wake hakuzigusa. Hakuzigusa nje, hakuzigusa ndani. Afaata ndiye aliyekuwa akiamka kukwangua hivyo vijizizi, kukaanga mikate ya muhogo, na kuitembeza kwa miguu mpaka kambi ya wafanyakazi wa bwawa.

Huko kambini ndiko alikopatikana Ludi. Alikuwa dereva wa lori, Msaramaka mwenzetu, ila alikuwa amekaa mjini muda wa kutosha kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alianza kwa kumpa Afaata lifti. Kisha akaanza kumletea Mma Bobi gunia la mchele, samaki wa kopo, na vichekesho. Mma Bobi, ambaye alikuwa hajacheka tangu karanga zielee, alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku moja alimwita Kasindo uani, kwa sauti ya kutosha mistari mitatu ya nyumba.

"Hebu nisaidie, baba, mimi kichwa changu kizito. Nyumba hii kajenga nani?"

"Serikali, mama mkwe."

"Na shamba?"

"Serikali."

"Na mchele ulioula jana ukarudia sahani?"

Kasindo akatazama kiko chake.

"Ludi," Mma Bobi akajijibu. "Sasa wewe hapa ni mume wa nani? Au ni mgeni, tukutandikie mkeka?"

Afaata alikuwa pembeni anageuza mikate yake kwenye kikaango. Hakumtetea mumewe pale, na hakumtetea hata walipobaki wawili. Kimya hicho kilimtia Kasindo hofu kuliko ulimi wa mama mkwe. Kwetu mwanamke aliyechoka na mume hapigi kelele. Huikunja machela ya mwanamume, ile ya kuning'iniza na kulalia, akaiweka nje ya mlango, na mwenye machela huibeba akaenda zake. Tangu siku ile Kasindo kila akirudi nyumbani alitazama kizingiti kabla ya kutoa salamu.

Haukupita muda Kabiteni Adjo akamwita. Alimketisha kwenye kigoda, ishara kwamba maneno yatakuwa mazito.

"Kasindo, mpwa wangu nilikupa mwenyewe. Nyumba uliyomjengea imezama, shamba limezama, mtumbwi umezama. Si kosa lako."

"Asante, mjomba."

"Usinishukuru, sijamaliza. Dada yangu Bobi ananila mzimamzima. Mvua zikianza kabla huyu mwanamke hajapata kitu kilichotoka mkononi mwako, machela yako itakunjwa, na mimi sitaizuia."

Mtu wa kabila lingine angejenga jiko. Nyumba za serikali hazikuwa na majiko, wanawake walipika juani, na jiko la makuti lingemaliza kesi yote kwa siku chache. Lakini Kasindo aliwaza kama tunavyowaza sisi. Nyumba tayari ipo. Shamba, kama unaweza kuliita hivyo, lipo. Katika yale mambo matatu limebaki moja ambalo serikali haikuligusa. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, akachukua shoka na tezo, akaingia msituni kutafuta mti wa mtumbwi.

Aliuangusha peke yake na kuuchimba peke yake. Siku ya kuupanua kwa moto alihitaji mikono ya wengine, akaenda kuomba nyumba kwa nyumba. Wanaume walikuja kumcheka. Walisimama wakinong'onezana, wakiuliza kama huo mtumbwi utawekewa magurudumu. Lakini moto ulipowaka chini ya gogo na ubao ukaanza kufunguka, mizaha ilikatika. Mmoja alishika kibano bila kuambiwa, mwingine akamwagia maji mahali palipokuwa karibu kuungua, mwingine akamkaripia Kasindo kwamba anavuta haraka mno. Walirushiana maneno ya kazi za mtoni ambayo yalikuwa hayajasemwa tangu kuhama. Mtumbwi ulipokwisha kupanuka walikaa chini kuuzunguka, masizi usoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Ilikuwa siku nzuri, na iliwauma.

Kisha wakauburuta mpaka kijijini, yaani wakaliacha ziwa mgongoni na kupanda nao kilima.

"Jamani, mbona maji yako huko nyuma?" aliuliza mwanamke mmoja barabarani.

"Mwacheni mwenyewe! Anaupeleka ukaoge bombani!"

Kasindo aliuweka mbele ya mlango wa Afaata. Ulijaza njia yote kati ya mistari miwili ya nyumba, na polisi wa kijiji alilazimika kuuruka kwenda kazini. Kasindo aliweka kofia yake sawa.

"Mtumbwi wako, mke wangu."

Afaata aliutazama kuanzia omo mpaka tezi. Ulikuwa mzuri, hilo hakuna aliyebisha. Akaitazama barabara ya changarawe, upande huu na upande ule.

"Nipande niende wapi?" aliuliza, akaingia ndani.

Kesho yake Mma Bobi alidai baraza. Wazee walikaa kwa Kabiteni, na hoja iliyokuwa mbele yao ilikuwa kama Kasindo amempa mkewe mtumbwi au hajampa.

"Kitu kisichogusa maji si mtumbwi," Mma Bobi alisema. "Ni hori. Tutafute nguruwe."

"Dada Bobi, polepole," alisema mzee mmoja. "Sisi wenyewe hatugusi maji siku hizi na bado tunajiita watu wa mto."

"Wewe jiite unavyotaka. Mimi najiita mama wa binti asiye na mume."

Walibishana mpaka jasho likawatoka. Wengine walisema kuchonga ndiko kutoa, wengine kwamba kutoa ni mpaka mwanamke apande. Ludi, ambaye hakuna aliyemwalika, alikuwa ameegemea mlango na miwani yake.

"Wazee, mimi nitaubeba kwa lori mpaka ziwani," alisema. "Bure kabisa. Nataka kuona."

Kabiteni Adjo akapata njia ya kutokea. "Vizuri. Utapelekwa majini. Kasindo atampakia mkewe, ampeleke mpaka kwenye kile kilima cha shamba lake la zamani. Nasikia halikuzama lote, kichwa chake kiko juu ya maji na mihogo bado imesimama. Wang'oe chochote, warudi. Hiyo ndiyo kazi ya mtumbwi. Akimfikisha, ni mume. Asipomfikisha, machela ikunjwe siku hiyohiyo."

"Mjomba," Kasindo alisema, kofia ikiinama upande, "njia hiyo naipita usingizini."

Asubuhi lori likabeba mtumbwi, Kabiteni, Mma Bobi, na watazamaji kiasi cha kulikalisha chini. Ziwa lilikuwa jeusi na limetulia. Miti iliyokufa imesimama ndani yake, imekauka, imekuwa myeupe, mpaka macho yanapoishia. Harufu ya yai viza ilimpokea kila mtu puani. Mma Bobi alijifunika kwa kitambaa chake na kusema ndiyo manukato ya mkwe wake huyo mpya, serikali. Kasindo alimshika mkewe mkono, akampakia, akasimama omoni na pondo yake kama zamani, akasukuma.

Pondo haikugusa chini. Alizamisha mkono mpaka begani, karibu atumbukie, haikugusa. Akaiweka chini taratibu, kana kwamba ndivyo alivyopanga, akakaa na kushika kafi.

Kwa muda mrefu alisema sana. Hapa chini yetu ndipo wanawake walipofulia nguo, pale ndipo alipozama karani mwenye injili mfukoni, sasa tunakata kushoto. Zamani alijua alipo kwa sauti: kila poromoko lilikuwa na mngurumo wake, na maji yenyewe yalimwambia yanakokwenda. Maji haya yalikuwa hayaendi popote. Miti yote ilifanana. Mtumbwi uligonga kisiki, ukarudi nyuma, ukagonga kingine. Jua likapanda.

"Mti huu tumeshaupita," Afaata alisema. "Ona, alama ya omo letu hiyo."

"Najua. Nauzunguka makusudi."

Wakaenda, wakaenda. Mti wenye alama ukatokea tena mbele yao.

"Na sasa?" Afaata aliuliza.

Kasindo aliacha kupiga kafi. Alivua kofia, akaiweka magotini, na mkewe akaona jinsi nywele zake zilivyokuwa zimeanza kuota mvi.

"Sijui njia," alisema. "Sijui tulipo, Afaata. Na sikujua kama maji yatapanda. Watu waliniuliza mimi, nikawaambia wasing'oe, na nilikuwa sijui kitu."

Alilia, mtu mzima, kelele zake zikipotea katikati ya miti. Afaata alimwacha alie kwanza.

"Nimekungoja useme hivyo tangu tuhame," alisema mwishowe.

"Kwamba mimi ni mjinga?"

"Kwamba umepotea. Mimi nimepotea tangu siku ile walipotushusha na kutuonyesha milango. Asubuhi nashika sufuria zangu, miguu inanipeleka mtoni, nafika barabarani ndipo nakumbuka. Halafu nakuona wewe unapita na kofia yako, mambo safi, mambo safi. Nikasema basi, hapa aliyepotea ni mimi tu. Sasa kama niko peke yangu, mume wa nini?"

"Na Ludi?"

"Ludi ni mchele, Kasindo."

Akacheka yeye mwenyewe kwa alilosema, kisha machozi yakamtoka naye. "Ile nyumba yako yenye mlango wa kuchonga," aliuliza, "iko upande gani?"

"Sijui."

"Haya. Na mimi sijui."

Walikaa mtumbwini wakiyatazama maji pande zote mbili. Hayakuonyesha kitu. Wangekaa mpaka jioni kama Ludi, huko ukingoni mwa ziwa, hangechoka kusubiri na kuanza kupiga honi ya lori kwa hasira. Wakageuza omo kuelekea honi. Kila walipoyumba, Ludi alipiga tena, na ndivyo hawara mtarajiwa alivyomrudisha mume wa mtu nchi kavu salama salimini.

Kabiteni Adjo alikuwa amesimama ukingoni. Mtumbwi ulikuwa mtupu, kila mtu aliona, lakini baraza ni baraza.

"Mmefika shambani?"

Kasindo alisimama mbele yake kofia mkononi. "Hatukufika, mjomba. Nilipotea."

"Mmesikia wenyewe!" Mma Bobi akapiga makofi. "Kakiri kwa mdomo wake! Adjo, toa hukumu, jua linanichoma."

"Basi nilisema," Kabiteni akaanza, bila furaha, "kwamba asipomfikisha..."

"Mjomba," Afaata alimkatiza, jambo ambalo kwetu mwanamke halifanyi kwa mkuu wa kijiji. Alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, akiuvuta mtumbwi wake nchi kavu. "Tangu tutolewe kule, wewe umefika wapi?"

Akauvuta mpaka pakavu, akawageukia watu wote waliokuja kutazama.

"Hakuna aliyefika," Afaata alisema. "Huyu peke yake ndiye aliyekiri. Machela yake isiguswe."

Mzee Adjo aliiacha hukumu yake hapo, akaligeuzia ziwa uso wake akabaki hivyo, mabega yakimtikisika, mpaka dada yake alipomshika mkono kumwongoza kwenye lori. Mtumbwi ulipopakiwa tena, Afaata alipanda nyuma, akakaa juu yake, akasogea kumpa Kasindo nafasi.